Vita Haikuwa na Pirogi

Mikelenge, Kindu
Tarehe 19 Septemba 2024

Mpendwa yaya Hélène, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa mikono miwili kama mama alivyotufundisha, ijapokuwa mmoja umeshika kalamu na mwingine unafukuza nzi. Mmeamkaje huko Lubumbashi? Mgongo wa shemeji Franck unaendeleaje? Na ile baridi ya mwezi wa sita iliyokulaza ukikohoa, imekuachia kifua chako, au imeondoka nacho?

Sisi huku tuko. Mke wangu Claudine ni mzima, anasema nikuandikie kwa herufi kubwa maana amesikia wewe pia sasa unavaa miwani. Mimi ninayo tangu mwaka jana. Siku ya kwanza nilipoivaa nilitazama mishono niliyoishona bila miwani, nikaivua. Mvua zimeanza kurudi, mto unapanda kidogo kidogo, na mchele mpya wa Kibombo umeingia sokoni. Kwa upande wa tumbo hatulalamiki.

Utajiuliza kwa nini barua, na simu ipo. Yaya, simu nimejaribu. Kila nikilitaja jina la kaka yetu Gédéon, mtandao wa Lubumbashi unakatika palepale. Nikirudi kupiga nikataja habari ya mchele, unasikika vizuri kabisa, hata pumzi yako naisikia. Mimi ni fundi wa suruali tu, lakini hilo nimelielewa. Barua huwezi kuikata. Unaweza kuichana, ila nakujua: utaisoma kwanza. Nimempa Twaibu, mtoto mkubwa wa jirani yetu Abdoul, anayeteremka huko kwa treni, na nimemwambia asiondoke mlangoni pako kabla hujaifungua.

Basi nianze. Mwezi uliopita Gédéon aliingia kibandani kwangu na mzigo wa vikwembe, vitenge vya buluu vyenye majani ya njano, vyote vya aina moja, vya kutosha jamaa nzima. Unajua mwenyewe, mtu akinunua vikwembe vya aina moja kwa watu wengi, ni harusi au ni matanga, na kwetu hakuna anayeoa. Akasema tutamaliza matanga ya mama mwezi wa kumi na moja. Akasema nipime kila mtu, na wewe nikupime kwa kukumbuka. Nimekupima kwa kukumbuka. Nimeongeza kidogo kiunoni. Usinikasirikie, nilikumbuka pia ile picha uliyotuma Pasaka.

Lakini mkasi haukutaka kukata. Miaka yote hii kaka yetu hakutaja matanga ya mama. Tulimzika bila kulia kwa sauti, tukasema tutamaliza matanga watu wakiweza kukusanyika, watu wakaweza kukusanyika, na yeye akawa kila mwaka na sababu: nyumba haijaezekwa, mtoto anasoma, mbuzi amekufa. Leo ghafla ana vikwembe na ana tarehe. Nilimuuliza imekuwaje. Akanijibu kwamba mambo ya zamani yasituzuie. Yaya, mtu akikuambia mambo ya zamani yasituzuie, tazama ni kitu gani cha leo anachokikimbilia.

Nikatazama. Nilianza hata kupita mbele ya nyumba yake bila kuwa na safari. Claudine ndiye aliyeniletea jibu, kutoka kwaya. Kanisani wanataka kumfanya Gédéon shemasi, na mchungaji amesema wazi kwamba shemasi hawezi kuwa mtu mwenye ndugu asiyesema naye. Ndugu huyo ni wewe. Nilipolisikia nilijisemea: sawa, kumbe mama analiliwa kwa ajili ya kiti cha mbele.

Sasa ngoja nikupe fikra zangu, ingawa hukuziomba. Nashinda nyuma ya cherehani, na fundi ni kama kiti: watu wanagombana juu yake bila kumwona. Nimesikia magomvi mengi, na nimeona kwamba si matusi yanayoumiza zaidi. Matusi watu wanayarudisha, wanapiga kelele, mwishoni wanacheka. Kinachoumiza ni lile neno dogo la kufunga. Mwanamke anaeleza uchungu wake, mume anamjibu, "Wewe njo unajua," kana kwamba ni yeye peke yake ajuaye. Kijana anadai haki yake, wazee wanamwambia, "Mungu iko." Pale pale uso wa mtu unafunga kama duka siku ya kilio.

Na usidhani najitoa. Mimi mwenyewe ninalo langu, mafundi wote tunalo. Mteja akija na nguo iliyokaa vibaya, tunamwambia, "Ukiifua itakaa." Nimeishi kwa neno hilo miaka mingi. Juzi mama Fifi, yule anayeuza mawese karibu na gare ya treni, alirudisha suruali ya mume wake, nami nikamwambia hivyo hivyo bila hata kuinua kichwa. Akanitazama akasema, "Arsène, mimi nakuletea habari ya suruali fupi, wewe unanipa habari ya maji."

Niliirefusha suruali, na neno lake likabaki nami. Maana ndivyo ilivyo: mtu anakuja na suruali yake mkononi, unamjibu maji, na akiendelea kusema suruali, yeye ndiye anaonekana mgomvi.

Kwetu huku, yaya, mfalme wa maneno hayo ni moja, na unalijua: ilikuwa vita. Muulize mtu kwa nini alihamia katika nyumba isiyo yake, ilikuwa vita. Kwa nini alimwacha mke wake kule Punia na hakumrudia, ilikuwa vita. Ubaya wa neno hilo ni kwamba ni kweli. Lingekuwa uongo tungelijibu. Ilikuwa vita, tuliiona sote, na kila mmoja chumbani ana maiti wake, hivyo likitamkwa kila mmoja anainamisha kichwa kuwaheshimu wa kwake. Na aliyesema anapita katikati ya vichwa vilivyoinama, anatoka nje. Anayebaki akiuliza anaonekana kama mtu asiyefiwa.

Tena sisi tuliozoea miaka ile tuna ugonjwa mwingine. Wakati ule neno fupi lilitisha kuliko refu. Mwenye bunduki kwenye kizuizi akikutukana na kukueleza makosa yako, ulikuwa na bahati. Akisema "Haya, yameisha, pita," hapo ndipo ulipoanza kuogopa mgongo wako. Mpaka leo mtu akiniambia yameisha kabla sijamaliza kusema, bega langu linakaza. Claudine huniambia yameisha kwa upendo, na bado linakaza.

Acha nikukumbushe ile siku. Najua hujasahau, ila nataka uone mimi ninavyoikumbuka. Mwaka ni 2002, chumvi imekuwa dawa na sabuni imekuwa hadithi. Mama amebaki ng'ambo, Alunguli, kwa sababu alikataa kuacha mihogo yake, na sisi tuko upande huu. Habari ikatufikia kwamba ana homa kali. Wewe ulitafuta dawa ya kinini mahali ambapo hata panya hawakupata kitu, ukaipata. Ukampa Gédéon, maana pirogi, ule mtumbwi wa kuvukia, ilikuwa yake, na alikuwa akipitisha watu wakati wenye bunduki waliotushikia mji wanaruhusu. Ulimwambia ampe mama dawa na amrudishe pamoja naye. Aliondoka asubuhi. Alirudi jioni bila mama, akasema kivuko kimefungwa.

Na siku hiyo hiyo mke wa Abdoul alivuka kutoka Alunguli na kapu la majani ya sombe kichwani. Tulimwona. Hakuna aliyeuliza yeye alipitaje. Wiki hiyo hiyo mama akafa, na majirani wa kule ndio waliomwosha.

Uliuliza swali moja tu matangani: dawa iko wapi na mama alibakije. Gédéon akasema, "Ni vita, Hélène." Wajomba wakatikisa kichwa wakasema, ni vita, mama, ni vita. Nakumbuka ulivyowatazama mmoja mmoja. Nami nilikuwa kati yao, mikono magotini, nikitikisa kichwa kama wengine. Ukarudisha kitambaa chako begani, ukanyamaza, na reli ilipofunguliwa ukaondoka. Huku nyuma wengine walisema kinini iliuzwa. Mimi, kwa kweli, niliamini hivyo. Sikuwahi kumwambia, lakini kila alipokuja kupima suruali nilipima pia mifuko.

Sasa nikupe ya Jumapili iliyopita. Gédéon alituita sote kwake baada ya ibada. Mke wake alikuwa amepika wali na samaki, na wajomba wawili waliobaki walikuwepo. Akasimama kama shemasi tayari, akatutangazia tarehe na idadi ya mbuzi, na nani atasema maneno gani.

Unamkumbuka Naomie, binti yake wa tatu? Ulimwacha tumboni. Sasa anasomea ualimu na ana mdomo wako, nasema hivyo kwa heshima. Akauliza bila kuinuka, "Na shangazi Hélène atasema nini?"

Gédéon akamjibu kwamba shangazi amealikwa.

"Amealikwa na nani? Ulizungumza naye?"

"Atapata habari."

"Papa, huyo shangazi alikuuliza kitu. Kila muntu hapa anajua alikuuliza. Ulimujibu?"

Mjomba Okito akakohoa. Gédéon akatabasamu, akamwekea binti yake mkono begani, akasema kwa upole kabisa, "Mama, wewe ulikuwa hauyazaliwa. Ilikuwa vita."

Na vichwa vikaanza kuinama, yaya. Niliona kwa macho yangu, na changu kikiwemo, kimezoea. Kimoja tu hakikuinama.

"Vita haikuwa na pirogi, papa," akasema. "Pirogi ilikuwa yako."

Claudine alikuwa ameshika sahani ya wali, akabaki nayo hewani. Hakuna aliyemkemea mtoto. Nilingoja mjomba Okito amkemee, maana hiyo ndiyo kazi anayoijua, naye alikuwa anaangalia viatu vyake.

Ndipo maji ya kunawa yakaletwa. Unakumbuka sheria ya mama tulipopigana: aliyekosewa ananawa kwanza, na aliyekosa anangoja na mikono yake michafu hata chakula kipoe. Wewe ulikuwa unanawa kidole kimoja kimoja makusudi, mtesaji mkubwa wewe. Gédéon ni mkubwa wa nyumba sasa, maji yalianzia kwake. Akayatazama. Akasukuma beseni kwa mjomba, mjomba akasukuma kwangu, na yeye akakaa mikono mikavu mpaka tulipomaliza kula. Hakuonja hata punje. Mke wake alimwuliza kama anaumwa, akasema hapana.

Nitakuambia nilivyowaza, na usinihukumu. Watu wengine walifuta machozi. Mimi nilijiuliza kama ni aibu au ni hesabu ya ushemasi. Mtu anayejua sheria ya mama anajua pia jinsi ya kuitumia mbele ya watu. Nilirudi nyumbani nikimwambia Claudine, tusidanganywe na beseni. Akaniambia nina moyo wa karani wa kodi.

Jumanne asubuhi Gédéon akaja kibandani. Hakukaa kwenye kiti cha wateja, alikaa chini kwenye gunia la vipande. Niliendelea kukanyaga cherehani ili asinione nikimtazama. Akasema siku ile hakuna aliyefunga kivuko. Alifika katikati ya mto, risasi ikapigwa, hajui kama ilikuwa kwa ajili yake au kwa ajili ya ndege. Akalala chini ndani ya pirogi. Maji yakachukua pirogi, na alipoinua kichwa alikuwa mbali chini ya mji, kwenye majani. Alikaa humo mchana kutwa. Aliona watu wakivuka juu kule. Alimwona hata mke wa Abdoul. Hakuweza kusimama.

Nikaacha kukanyaga. "Na dawa?"

"Ilikuwa mufukoni. Pirogi iliingiza maji, mimi nililala mo ndani. Nilipotoa karatasi ya dawa ilikuwa uji."

"Kwa nini hukusema?"

Alivuta nyuzi za gunia moja moja mpaka nikaanza kufikiri atanipa lile neno tena. Nilikuwa tayari kumfukuza, mkubwa au si mkubwa. Akasema, "Niliogopa, Arsène. Ile siku niliogopa kufa, na nyuma yake niliogopa Hélène."

Hicho ndicho alichosema, nimekuandikia kama kilivyo bila kukipiga pasi. Je, ninakiamini? Nusu. Nusu nyingine bado inapima mifuko. Nilimwambia wazi kwamba nimesikia habari ya ushemasi. Hakukataa. Alisema mchungaji alipomuuliza kama ana ndugu asiyesema naye, alijibu hapana, na usiku huo huo akashindwa kusali. Labda ni kweli. Labda mtu anaweza kuanza jambo kwa ajili ya kiti na kulimaliza kwa ajili ya mama yake. Mimi sijui kusoma moyo, hata sentimita nazisoma kwa taabu.

Ila jambo moja naliona, yaya. "Ilikuwa vita" ulikuwa huwezi kulijibu. "Niliogopa" unaweza. Unaweza kumtukana, unaweza kumwambia angetambaa, angeogelea, angesema siku ile ile tukatafuta njia nyingine wakati mama bado anapumua. Unaweza pia kukaa kimya, lakini safari hii kitakuwa kimya chako, si kile alichokupa yeye. Sikuandikii ili umsamehe. Naandika kwa sababu swali lako limepata jibu, na jibu ni lako, si langu la kukaa nalo kibandani.

Nilimwambia akuandikie mwenyewe. Akasema barua ni rahisi mno kwa mtu aliyejificha mara moja. Atakupigia Jumapili itakayofuata Twaibu akishafika kwako, baada ya ibada ya kwanza, namba itakuwa ya Naomie, na Naomie atakuwa amekaa pembeni yake. Ukiona namba hiyo, pokea. Akianza na vita, kata, nakuruhusu, na mimi nitazifumua nguo zote nizifanye mapazia. Akianza na lile lingine, msikilize mpaka mwisho, kisha sema unachotaka, na uchukue muda unaotaka.

Tarehe ya mwezi wa kumi na moja imefutwa. Naomie ndiye aliyeifuta, mbele ya mjomba Okito, na mjomba akasema ni sawa. Vikwembe vinangoja. Mbuzi nao wanangoja, na nadhani hao ndio pekee waliofurahi. Siku ya kumaliza matanga ya mama utaitaja wewe: mwaka huu, mwaka kesho, au usiitaje. Hakuna atakayekuuliza kwa nini.

Claudine anakusalimu na kukutumia dagaa kidogo ndani ya mzigo wa Twaibu, uzihesabu kabla hajaondoka. Mjomba Okito anakusalimu, anasema masikio yake yamechoka ila jina lako bado yanalisikia. Mke wa Abdoul anakusalimu sana, alilia nilipomwambia nakuandikia, sikumuuliza sababu. Naomie anasema anataka kukuona uso kwa uso ahakikishe kama kweli mnafanana mdomo. Msalimie shemeji Franck na watoto wote, na mwambie mgongo haupendi kukaa, hata wa fundi.

Mungu aliyewalinda huko mbali aendelee kuwafunika, awape usingizi mzuri na chakula chenye chumvi.

Mimi mdogo wako akupendaye, hata mishono yake ikipinda,

Arsène

Nilimwuliza Gédéon kama nikupe salamu zake. Alifikiri, akasema nisikupe, atangoja kwanza aone kama utaipokea simu.